Pua ya Nuraan na Dawa Isiyouzwa

Ridwaan Salie alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya kusista, na wala hakuwa na haraka. Mtu wa mwisho kwenye foleni husikia mengi. Wote walio mbele wamempa visogo, na mtu akishampa mwenzake kisogo husahau kabisa kwamba mwenzake ana masikio.

Ilikuwa Jumapili asubuhi Athlone, kitongoji cha Cape Town, na Jumapili asubuhi hakuna nyumba Athlone inayokunywa chai kavu. Watu hutoka na mabakuli yao, wengine wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia, wakaenda kujipanga nje ya jiko la Tietie Mareldia. Huyu, ambaye wote walimwita Tietie, dada mkubwa, alikuwa mjane mwenye mikono mifupi na ulimi mrefu. Kusista zake, yale maandazi laini ya viungo yanayozamishwa kwenye shira inayochemka kisha yakarushiwa nazi, ziliwahi kuwakalisha meza moja ndugu waliokuwa wakigombania nyumba ya marehemu baba yao. Wakala, wakalamba vidole, kisha wakaendelea kugombana wakiwa wameshiba.

"Ni pua," alikuwa anasema Galiema, mwanamke ambaye habari haijawahi kulala kwake hata usiku mmoja. "Pua ya Nuraan, binti wa Boeta Toyer wa bucha. Kimemtoka kichunusi, kadogo hivi, punje ya mtama. Mtoto akakiangalia kwenye kioo, nacho kikamwangalia. Mngefanya nini ninyi?"

"Ningekiacha," akasema mmoja.

"Muongo wee! Ungekikamua, kama alivyokikamua yeye. Haya, chunusi imekwenda zake. Wekundu umekataa kuondoka. Pua inawaka utadhani taa ya breki."

"Na harusi Jumamosi hii!"

"Mama mtu kampaka dawa ya meno. Wapi. Akampaka ndimu. Sasa si taa ya breki tena, ni gari zima la zimamoto. Na mnamjua huyo mama yake, Motjie Fahiema, alivyojitapa: gauni la kwanza, gauni la pili, jukwaa la bibi harusi refu mpaka lipandiwe ngazi. Watu mia wataikodolea macho pua moja."

Foleni ikacheka, ikasema masikini, ikacheka tena.

Ridwaan hakucheka. Moyo wake ulikuwa umeruka kidogo, kama urukavyo moyo wa kijana akipita dirishani kwa mchumba. Alijipitishia kiganja shavuni. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, nacho hicho kitu alikificha, lakini uso wake ulikuwa laini kama yai lililomenywa. Hakuwa na doa, hakuwa na kovu. Kwa uso huo alikuwa amewauzia watu redio zenye tofali ndani, viatu vya mguu mmoja, na mbegu za waridi zilizoota vitunguu. Watu hawakununua bidhaa kwa Ridwaan. Walinunua ule uso, bidhaa wakapewa kama nyongeza.

Zamu yake ikafika.

"Bakuli," akasema Tietie Mareldia bila kumtazama.

"Nijazie, Tietie. Na moja juu, ya mapenzi."

"Mapenzi yaliharibika pamoja na ile mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukunjia kusista. Ridwaan alimuuzia mwaka juzi, na katika maisha yake yote ilikunja kidole kimoja tu, cha Tietie Mareldia. Ridwaan akatabasamu kwa huzuni, kama mtu anayekumbuka msiba wa jirani, akachukua bakuli lake akaenda zake.

Mchana huo jiko lake liligeuka maabara. Alichukua mafuta ya mgando, akayayeyusha. Akatia maji ya waridi yapate harufu ya peponi, na kijiko cha unga wa kastadi yapate rangi ya gharama. Kisha akakoroga kwa mkono wa kulia, mkono wa shati lake jeupe ukiwa umekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Shati hilo ndilo alilolivaa kwenye kazi zote kubwa. Lilikuwa na vifungo vya lulu, vya kweli. Kitu pekee cha kweli alichomiliki. Alipolivaa asubuhi iliyofuata aliona kifungo cha mkononi hakipo. Akatafuta chini ya kitanda, akatafuta kwenye sinki, akatafuta ndani ya viatu. Mwishowe akafunga mkono wa shati kwa pini, akakitia kikopo mfukoni na kuelekea kwa mwenye bucha.

Motjie Fahiema alimfungulia mlango nusu.

"Boeta Ridwaan, kaka yangu, leo sinunui kitu. Nina msiba wangu."

"Sikuja kuuza, Motjie. Nimepita tu kuwapa hongera ya harusi." Akatulia. Akamtazama Nuraan aliyekaa mezani nyuma ya mama yake, kajifunika pua kwa leso. Akavuta pumzi kwa uchungu, akageuka kama anayetaka kuondoka. "Basi. Mungu awasimamie."

"Ngoja! Mbona umevuta pumzi hivyo?"

"Hapana, Motjie. Usinilazimishe."

"Nimekulazimisha nini?"

"Nina kitu. Cha bibi yangu mzaa mama. Ndicho nijipakacho mimi toka utotoni." Akauinua uso wake kidogo, ukakutana na mwanga wa dirisha. "Lakini hakiuzwi."

Tuseme ukweli, Motjie Fahiema alikuwa mwanamke mwerevu. Kwenye nyama hakuna mchuuzi aliyewahi kumzidi hata mfupa. Lakini mwanamke mwerevu mwenye binti mwenye pua nyekundu na jukwaa la kupandiwa ngazi, huyo ni mtu mwingine kabisa.

"Kila kitu kina bei yake."

"Si hiki."

"Kanala, Boeta! Tafadhali, kanala!" Akamshika mkono wa shati, upande wa pini. "Mtoto wangu ataonekana na watu wote wa Cape Town!"

"Bibi yangu aliniusia: Ridwaan, dawa hii ukiipokelea pesa itakufa. Ipokelee kitu kilichopendwa, na hapo tu kama umezidiwa kwa kuombwa."

"Umeombwa!"

"Nimeombwa," akakiri Ridwaan kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

Motjie Fahiema akaingia chumbani, akarudi na bangili. Nuraan akainuka kwenye kiti.

"Mama! Hiyo ni ya bibi! Ile aliyoileta kutoka Makka! Ulisema nitaivaa Jumamosi!"

"Utavaa bangili kwenye mkono na gari la zimamoto kwenye pua? Kaa chini."

Nuraan akakaa. Mbele yake mezani palikuwa na bakuli la bluu la bati, limejaa kusista, na Ridwaan alilitambua. Athlone nzima yuko mtu mmoja tu mwenye bakuli lile. Tietie Mareldia alikuwa amempelekea bibi harusi, kama ilivyo desturi. Na desturi ina upande wake wa pili, ambao hata mlevi wa mtaa ule anaujua: bakuli likija kwako limejaa halirudi kwao tupu. Unatia chochote, mayai, majani ya chai, kipande cha sabuni, lakini tupu haliendi. Nuraan alikuwa akilitazama bakuli lile huku macho yamemjaa maji. Ridwaan hakulitilia maanani. Alikuwa anaipima bangili kwa kiganja, ndani ya mfuko wa suruali, na ilikuwa nzito uzito wa kupendeza.

"Mikono mbali na uso, mwanangu," akamwambia bibi harusi kwa sauti ya daktari, akimkabidhi kikopo. "Na usikamue tena. Kamwe."

Siku zilizofuata aliishi kwa kupitia vichochoroni, maana alitarajia Boeta Toyer atamtafuta na kisu cha kukatia mifupa. Hakutafutwa na kisu. Jumatano alitafutwa na Motjie Fahiema mwenyewe, aliyemdaka nje ya duka la mikate akambusu mikono miwili mbele ya watu.

"Inafifia! Boeta, pua inafifia! Jana nyekundu, leo waridi, kesho kutwa huioni!"

"Alhamdulillahi," akasema Ridwaan, na kwa mara ya kwanza katika biashara yake alishangaa kuliko mteja.

"Nimewaambia wote. Mashemeji, wasimamizi wa bibi harusi, mama mkwe na dada zake. Kila mmoja ana lake usoni. Kesho alasiri ni hina, kwangu, wanawake watupu, lakini wewe utaingia kidogo kwa ajili ya dawa. Nimewaambia waje na vitu walivyovipenda. Uje na vikopo vyako. Na uje na uso wako, waone."

Usiku ule Ridwaan alikoroga mafuta ya kutosha kupaka ukuta. Akakitazama kijiko cha kastadi kwa heshima mpya. Labda, alijiambia, labda nina kipaji. Akalala akiota hereni, mikufu na pete, vyote vikimfuata kwa mstari kama bata.

Alhamisi asubuhi aliamka, akaenda kwenye kioo kusalimiana na mtaji wake. Mtaji ulikuwa na chunusi.

Palepale kwenye ncha ya pua. Punje ya mtama.

"Hapana," akaiambia.

Chunusi ilibaki palepale.

Msomaji, unakumbuka alichomwambia Nuraan. Na yeye alikikumbuka, neno kwa neno. Alikwenda akapiga mswaki. Akarudi. Akanywa chai. Akarudi. Akasema ataigusa tu ajue kama imeiva. Vidole vya binadamu navyo vina akili yao. Kufumba na kufumbua chunusi haikuwepo, na mahali pake, kutoka tundu la pua moja mpaka la pili, paliwaka wekundu ambao hata kioo kilionekana kuuonea aibu.

Akajipaka dawa ya bibi yake mzaa mama, tabaka la kwanza, tabaka la pili. Wekundu haukupungua. Sasa ulikuwa unang'aa.

Hapo ndipo Ridwaan alipokaa kwenye ukingo wa beseni akafikiri kama mtu mzima. Kama mafuta haya si dawa, nani kamponya yule mtoto? Jibu likamjia lenyewe, la bluu, la bati, limejaa kusista. Mareldia! Mareldia alikuwa ameingia nyumba ile. Mwanamke yule alikuwa na dawa, ameinyamazia miaka yote, huku yeye Ridwaan akihangaika na kastadi!

Alimkuta jikoni akimenya viazi vya kukandia unga.

"Tietie, tazama." Akaondoa kiganja puani.

Tietie Mareldia akatazama. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akatazama tena kwa raha zake.

"Umekikamua."

"Kimejikamua."

"Chukua barafu, ifunge kwenye kitambaa safi, jiwekee kidogo, pumzisha, jiwekee tena. Usiiweke tupu, itakuunguza. Usipake ndimu, usipake dawa ya meno. Kaa mbali na jua. Mikono yako ikalie. Siku chache itaisha yenyewe."

Ridwaan akasubiri. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu dawa."

"Ndiyo hiyo dawa."

"Barafu?"

"Na kutojishikashika."

Ridwaan akamtazama kwa majonzi. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfunza jambo moja, kwamba kitu cha bure ni chambo. Mtu hawezi kuijua siri akaitoa bure, tena kwa adui yake, tena huku anamenya viazi.

"Tietie Mareldia. Sisi ni watu wazima. Nakuomba msamaha kwa ile mashine. Ulimponya Nuraan kwa siku mbili. Usiniambie ni barafu. Una kitu."

Tietie Mareldia alifungua mdomo amwambie tena. Kisha akaufunga. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye mfuko wa suruali ya Ridwaan, mahali palipotuna duara, yakapumzika hapo kidogo, yakapanda tena.

Akavuta pumzi kwa uchungu.

"Hapana, Ridwaan. Usinilazimishe."

"Nilijua! Nilijua unayo!"

"Ninayo. Lakini haiuzwi."

Mtu mwingine yeyote angelitambua neno lile, maana alikuwa amelisema mwenyewe Jumatatu ile ile. Lakini daktari wa meno naye huumwa jino. Ridwaan alichosikia ni kwamba dawa ipo, ni adimu, na iko umbali wa mkono mmoja. Alasiri hereni na mikufu itakuwa inamsubiri kwa mstari. Akatoa saa yake. Haiuzwi. Akatoa ahadi ya kukarabati paa. Haiuzwi, na paa halivuji. Jasho likaanza kumtoka, na jasho likifika puani linawasha.

"Basi rehani!" akasema. "Chukua hii uniwekee rehani mpaka jioni. Jioni nakuja nakukomboa kwa vitu kumi kama hivi."

Akaiweka bangili mezani, katikati ya maganda ya viazi.

Tietie Mareldia hakuigusa. Aliinuka, akaingia chumba cha nyuma, na Ridwaan akasikia kijiko kikikoroga, kikigonga ukingo, kikikoroga tena. Akarudi na kikopo kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na kitu cha kahawia, kizito, chenye harufu ya mdalasini, tangawizi kavu na iliki.

"Jipake kwa wingi. Kikikuwasha, ujue kinafanya kazi."

"Mungu akulipe, Tietie."

"Ameshaanza," akasema Tietie Mareldia.

Na kiliwasha! Kiliwasha kwa bidii. Ridwaan alijilaza kitandani, machozi yanamtoka, akimsifu mwanamke yule kwa dawa yenye nguvu namna ile. Alipoinuka kwenda kwenye kioo alikuta pua imevimba kidogo pembeni na wekundu umetembea, umevuka mpaka, unaelekea mashavuni kwa miguu yake mwenyewe.

Muda ulikuwa umefika. Akavaa shati la vifungo vya lulu, akafunga pini, akajifunga skafu ya sufu mpaka chini ya macho, akabeba mfuko wa vikopo na kile cha Mareldia juu yao. Nje, Daktari alikuwa anavuma. Ndivyo watu wa mji huu wanavyouita ule upepo wa kiangazi unaoshuka kutoka mlimani, kwa kuwa wazee walisema unafagia maradhi yote ukayatupa baharini. Siku hiyo ulikuwa unafagia pia mapipa ya taka, kofia na paka wadogo.

Uani kwa Boeta Toyer wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti, mikono imepakwa hina, kila mmoja kashika kikaratasi au kileso chenye kitu alichokipenda. Katikati kakaa Nuraan, pua yake safi, rangi moja na uso wake wote. Tietie Mareldia naye alikuwepo, karibu na mlango wa jikoni, bakuli la bluu mapajani limefunikwa kitambaa.

"Huyo!" akapiga kelele Motjie Fahiema. "Ndiye huyo! Ingia, Boeta, usione haya!"

"Mbona kavaa skafu?" akauliza Galiema. "Desemba hii?"

"Kifua," akasema Ridwaan ndani ya sufu.

"Kifua chako kiko puani?"

"Dada zangu, tusipoteze muda. Dawa hii ya bibi yangu mzaa mama, mimi kwa kawaida..."

Daktari akaingia uani. Aliipinda miti, akainua ncha za mikeka, akaikamata skafu ya Ridwaan kwa mkono mmoja, akamfungua kama mtoto anavyofungua zawadi, akaondoka nayo juu ya paa la jirani.

Shingo zote zikageuka. Mtoto mmoja mchanga aliyekuwa akilia alinyamaza, akaitazama ile pua, akatabasamu kwa kuwa alipenda vitu vyenye rangi kali.

"Boeta Ridwaan," akasema Motjie Fahiema polepole. "Hiyo ni nini?"

Sasa, mtu wa kawaida hapo angekimbia. Na hapa lazima tumpe Ridwaan haki yake, maana kazi ni kazi. Aliinua kidevu. Akaitoa ile pua mbele kwenye mwanga, iking'aa, kama kitu alichokuja nacho makusudi.

"Hii," akasema, "ni kabla."

"Kabla ya nini?"

"Mlitaka kuona dawa inavyofanya kazi, ama hamkutaka? Nitawaonyeshaje baada, bila kabla? Nilijikamua kwa hiari yangu, asubuhi hii, kwa ajili yenu. Tangu hapo sijakaa chini kwa maumivu."

"Alijikamua kwa ajili yetu," akarudia bibi kizee mmoja, akaguswa, akaanza kufungua kileso chake.

"Basi jipake," ikasema sauti kutoka mlango wa jikoni. Ilikuwa ya Tietie Mareldia. "Tuone baada."

"Jipake! Jipake!" wakaitikia wanawake.

Ridwaan akachukua kikopo cha juu, kile cha Mareldia, chenye nguvu. Akazamisha vidole viwili mpaka chini kabisa, kwa madaha, ili wote waone. Vidole vikagusa kitu kigumu.

Akakivuta. Kikatoka kimepakaa mdalasini. Akakifuta kwa kidole gumba, bila kufikiri, kama mtu anavyofuta kitu chochote. Kilikuwa cha duara, cheupe, chenye matundu manne. Kilikuwa cha lulu.

Galiema, ambaye macho yake hayakuumbwa kwa ajili ya kupumzika, akatazama kile kifungo. Akatazama vifungo vya shati. Akatazama pini.

"Jamani," akasema, "mbona ni ndugu?"

Ridwaan akageuza kichwa taratibu kumtazama Tietie Mareldia. Yote yakawa yanampitia kichwani: Jumapili, jiko, mkono uliokunjwa, kikopo cha kwanza, meza ya Motjie Fahiema, bakuli la bluu ambalo haliwezi kurudi tupu.

"Nilikiona wakati nakoroga," akasema Tietie Mareldia kwa upole. "Nikakirudisha. Nilidhani ndicho kinachoponya."

Nuraan akainuka, mikono yake yenye hina mbichi imeinuliwa hewani kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Mama, usinikasirikie. Sikuipaka hata siku moja. Ilikuwa inanuka kastadi. Tietie aliponiletea kusista aliniambia niweke barafu kwenye kitambaa na nisishike, ndivyo nilivyofanya. Na yale mafuta niliyaficha kwenye bakuli lake nikalirudisha, maana tupu haliendi, na wewe ungeniuliza."

"Na bangili ya mama yangu?" Sauti ya Motjie Fahiema ilikuwa imepanda mpaka mwisho wa ngazi za jukwaa. "Nimetoa bangili ya Makka kwa kastadi?"

Tietie Mareldia akaondoa kitambaa. Kusista zilikuwa zimepangwa juu juu, zinang'aa, zimerushiwa nazi. Akalisukuma bakuli mbele ya bibi harusi.

"Kula, mwanangu. Chukua ile ya katikati."

Nuraan akaondoa kusista ya katikati kwa vidole viwili, na chini yake, imelala kwenye shira, imejaa chembe za nazi, ilikuwepo bangili ya bibi yake.

Vigelegele vilipopaa, Boeta Toyer alitokeza kutoka buchani kuuliza kuna nini, kisu bado mkononi. Wanasema Ridwaan alipita getini kabla ya geti kufunguka. Daktari alikuwa anavuma upande aliokuwa anakimbilia, kwa hiyo walisaidiana. Vikopo vyote alivibwaga njiani, na paka wa mtaa ule walikuwa na manyoya laini mpaka mwaka mpya.

Motjie Fahiema aliwatazama wageni wake, akajirekebisha mtandio.

"Mimi nilimjua tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa namwekea mtego."

Hakuna aliyebisha. Wote walikuwa na vileso mikononi.

Jumapili baada ya harusi Ridwaan alikuja tena kwenye foleni, wa mwisho, kofia imeshushwa. Alikuwa amejifungia ndani siku zote hizo, hana skafu, hana mafuta, hana la kufanya ila kujiwekea vipande vya barafu kwenye kitambaa kwa kukosa kingine. Pua ilikuwa imepona. Uso ulikuwa umerudi kuwa yai.

Galiema akageuka. Foleni nzima ikageuka.

"Ala! Pua imekwisha! Siku tatu tu! Umetumia nini?"

Ridwaan akafungua mdomo. Uongo kadhaa ulijitokeza mlangoni ukiwa umevaa vizuri, lakini mbele yake, juu ya mvuke wa shira, Tietie Mareldia alikuwa amesimama na mwiko.

"Barafu," akasema. "Kwenye kitambaa. Na kutojishika."

Wakatazamana. Kisha foleni ikaangua kicheko.

"Barafu! Msikieni! Huyu anatuficha!"

"Ridwaan, tapeli wee, sasa ndiyo unayo dawa ya kweli, ndiyo maana hutaki kuisema!"

"Mimi nina chunusi hapa kidevuni tangu Jumatano. Taja unachotaka!" Na huyo, naapa, alikuwa ameshaanza kuvua hereni.

"Wallahi ni barafu!" akalia Ridwaan. Ulikuwa ukweli wa kwanza kumtoka mbele ya watu tangu utoto wake, na hapakuwa na mmoja wa kuuchukua. Akamgeukia Tietie Mareldia, mikono wazi. "Tietie, waambie!"

Tietie Mareldia aliweka mwiko chini. Akawatazama wanawake wale mmoja mmoja. Akavuta pumzi kwa uchungu.

"Mwacheni, dada zangu," akasema. "Hiyo dawa haiuzwi."

Foleni ikamsogelea. Nywele za Ridwaan zikasimama shingoni.

"Haiuzwi," akaendelea Tietie Mareldia, "ila anayechukua bakuli zima la kusista hupewa kidogo, bure, imefungwa kwenye kitambaa. Ajiwekee nyumbani, akae mbali na jua, na asijishike. Akijishika hata mara moja, nguvu zote zinatoka."

Kufika saa tatu asubuhi hapakuwa na kusista hata moja iliyobaki jikoni, na mtu aliyepita njia ile angemkuta Ridwaan Salie amesimama mlangoni kwa shati jeupe, kifungo cha mkononi kimeshonewa upya, ameshika karai la barafu, vidole vimekufa ganzi, akisema kwa ule uso wake:

"Taratibu, dada zangu. Kanala, mmoja mmoja."